Koti la Kifo na Kamba ya Tekla

Jumatano ya Majivu, 12 Februari 1975. Ipogolo.

Nimepakwa majivu asubuhi, mchana nimerudi karakana. Mvua.

Daftari hili ni la kisomo cha watu wazima, nimepewa na Mwalimu Andendekisye. Anafikiri nitaandikia vipimo vya mbao. Padre ndiye aliyeniambia niandike. Wiki iliyopita niliungama kwake, nikataja pombe, nikataja kumtukana mke wangu, nikaishia hapo. Akauliza, "Na lingine?" Nikasema hakuna. Akasema, "Silvester, nasikia unavyohema. Nenda kaliandike kwanza. Likishaandikika, litasemeka."

Basi. Mimi ni Silvester Kalinga, fundi seremala, miaka arobaini na nane, darasa la nne. Natengeneza milango, viti, na masanduku ya kuzikia. Mwezi wa nane mwaka jana nilimtengenezea sanduku mdogo wangu Liberatus, likawa fupi. Tulimzika kwetu Kalenga magoti yamekunjwa. Ukoo mzima unaamini kosa ni la mke wake, Tekla, maana yeye ndiye aliyetuma kipimo kutoka Mbeya. Ni mimi niliyewaambia hivyo. Ni uongo. Kipimo chake kilikuwa sawa. Kamba aliyompimia ninayo, iko chini ya misumari kwenye sanduku langu la vyombo.

Nataka niwe nimesema kabla ya Pasaka.

Jumamosi, 15 Februari

Mwalimu amekuja na karatasi zake. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, amehamishiwa huku kufundisha kisomo, mrefu mpaka anainama kwenye mlango wangu. Ametunga mchezo wa vikaragosi. Mzee tajiri anamkataa Kifo. Kifo akibisha hodi, mzee anajificha ghalani, anajificha uvunguni, anavaa nguo za mke wake, mwisho anakufa bila kumwambia mtu hata ng'ombe wake wako wapi. Mwalimu anasema watu wakicheka kifo kidogo, wataenda hospitali mapema na wataacha wosia. Utaonyeshwa Jumatatu ya Pasaka, ukumbi wa parokia, halafu uzungushwe kwenye vijiji vipya.

Mimi natakiwa nitengeneze jukwaa. Nyumba ndogo yenye mlango, dirisha na ukuta, na mbele ubao wa kuwaficha wachezaji wanaoinua vikaragosi kwa mikono. Lote likunjike liingie kwenye Landrova.

Nikauliza kwa nini mimi. "Wewe ni fundi wa masanduku," akasema. "Nani mwingine anajua vipimo vya kifo?" Akacheka peke yake.

Halafu akasema nguo za vikaragosi atashona Tekla.

Jumatatu, 17 Februari

Mbao za mpaina nilizoletewa ni mbichi. Mvua.

Alhamisi, 20 Februari

Tekla amekuja na kitambaa. Tangu afiwe amerudi huku, anakaa chumba kimoja nyuma ya soko, anashona kwa cherehani ya mkono. Alipiga magoti kidogo kunisalimia kama kawaida yake. "Kamwene, shemeji."

Nikampa kipande cha ubao, nikamwambia apime upana wa mlango mdogo ili ajue ukubwa wa nguo. Akarudisha mkono nyuma kama ubao una moto.

"Nipimie wewe, shemeji. Mkono wangu hauna kipimo, si unajua."

Nikapima. Alisubiri pale ameshika mkasi, nikamtajia namba, akazirudia mara mbili kama mtoto anayetumwa dukani. Benedicta mke wangu aliniambia hata chumvi ya mboga Tekla anamwita jirani amwekee. Mtu aliyeshona suruali za mafundi wa reli Mbeya nzima!

Angenitukana ningefurahi. Ananiletea maji ya kunawa.

Jumatatu, 24 Februari

Gundi haikauki. Ukuta nilioubandika Ijumaa umejiachia wenyewe, nimeukuta chini. Rangi nyeusi hakuna duka lolote. Nimechanganya masizi na mafuta ya taa, inanuka, na haishiki.

Jumamosi, 1 Machi

Tumejaribu jukwaa mara ya kwanza. Mwalimu kasimama nyuma ya ubao na Kifo mkononi, kaanza kuunguruma, na utosi wake wote unaonekana juu ya ubao kama mlima. Benedicta alicheka mpaka akakaa chini.

"Fundi, ulipima kwa nani?"

"Kwangu mimi."

"Basi mchezo ucheze wewe! Ninyi Wahehe mlijenga ngome kubwa mkasahau kwamba kuna watu warefu."

"Na ninyi wa Tukuyu mnaota kama migomba," nikamwambia, "nani atawafikia na mbao."

Tulicheka wote. Tekla pia. Halafu akasema polepole, si kwa ubaya, "Hata Liberatus angeonekana utosi hapo." Nikatoka nje kukojoa na sikuwa na mkojo.

Nilijipima mimi. Tena. Sijui kichwa hiki kimetengenezwa na nini.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeng'oa ubao wa mbele, nimeongeza shibiri moja na nusu. Misumari imepinda mitano. Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Panya wamekula kichwa cha Kifo.

Vichwa tunavitengeneza kwa karatasi za magazeti zilizolowekwa kwenye uji mzito. Panya hawakumgusa mzee tajiri, hawakumgusa mke wake, wamemla Kifo kuanzia pua mpaka kisogo. Nilipoomba unga mwingine Benedicta alisimama mlangoni kashika kiuno.

"Watu wanapanga foleni tangu alfajiri kwa huo unga wa yanga wa mahindi ya njano, wewe unataka kumpikia Kifo uji mara ya pili?"

"Ni kazi ya kanisa, mama."

"Basi Kanisa lije lipange foleni."

Mwisho alinipa kikombe kimoja, kakisawazisha juu kwa kidole.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nitaandika kirefu maana mvua imezuia kazi na mlango mdogo umevimba haufunguki.

Ilikuwa hivi. Liberatus nilimzidi miaka minne. Baba alipokufa mimi niliacha shule nikashika randa, yeye akasoma mpaka darasa la nane. Akarefuka. Kwenye msiba wa mama alikuja na viatu na koti la kazi la reli, tukasimama pamoja kaburini, shangazi Damari akasema mbele ya watu, "Tazameni, mdogo kampita kaka." Nikasema ni viatu. Watu wakacheka, na yeye akacheka, akavua viatu pale pale kwenye udongo wa kaburi la mama ili waone. Bado alinipita. Sikumsemesha tena kwa miaka miwili. Aliandika barua tatu. Ya mwisho ilisema kifua kinamsumbua. Sikujibu.

Halafu ikaja simu ya maandishi. Amekufa, analetwa kesho kwa lori. Kwetu, ukoo ukiwa na fundi wake, sanduku halinunuliwi, fundi ndiye anatengeneza. Jioni ile ile Abrahamu, dereva wa basi kutoka Mbeya, akaniletea bahasha kwa mkono wake. Ndani kamba ya katani. Upande wa kichwa kafunga kipande cha kanga nyekundu, upande wa miguu kapiga fundo. Nikainyoosha sakafuni. Ndefu kuliko mimi kwa shibiri nzima.

Nilipandwa na hasira ambayo mpaka leo naionea aibu. Hasira kwa maiti. Nikasema huyu mwanamke kampima na viatu, huyu mwanamke anajua nini. Nikatupa kamba pembeni, nikalala mwenyewe chali kwenye maranda, nikaweka alama ya penseli kichwani na miguuni. Nikaongeza vidole viwili, nikajiona mkarimu.

Lori lilifika mchana. Walipomshusha ndani ya sanduku, miguu ikakataa. Nilimwona Tekla anatazama miguu ile. Hakulia, alitazama tu. Mbao nyingine hazikuwepo na jua lilikuwa linashuka. Mzee mmoja akauliza, "Nani alipima?" Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Kipimo kilitoka Mbeya. Mimi nimefuata kamba."

Maneno hayo tu. Nimefuata kamba.

Shangazi Damari akamwambia Tekla, "Hata kumpima mume wako umeshindwa?" Na Tekla akajibu, nilisikia kwa masikio yangu, "Labda mkono ulitetemeka." Akainama akamkunja magoti yeye mwenyewe.

Kamba iliyompima maiti kwetu inaenda naye kaburini, haipimi mtu mwingine. Walipoiulizia nikasema imepotea kwenye maranda. Nilikuwa nimeiokota, iko mfukoni.

Sasa limeandikika. Bado halijasemeka.

Ijumaa, 14 Machi

Nilitembea mpaka nyuma ya soko kumwambia. Alikuwa anapiga pasi. Akanipa kiti, akanipa chai ya rangi. Nikamwambia nimekuja kuulizia vifungo.

Jumatatu, 17 Machi

Mlango mdogo umenishinda. Jua likitoka unalegea, mvua ikinyesha unavimba. Kifo akitakiwa kuingia ananasa mabegani, Mwalimu anasukuma, nyumba nzima inatikisika. Nimeupiga randa mara sita. Leo niliutupa uwanjani kwenye matope, kuku wakakimbia.

Tekla alikuwa amekaa pale anashona, akasema, "Kwani lazima apite mlangoni?"

Mwalimu akamwuliza, "Mama, Kifo apite wapi kama si mlangoni? Anabisha hodi. Hiyo ndiyo raha yenyewe."

"Kwangu hakubisha hodi," akasema. "Liberatus alikohoa mwaka mzima. Tunakula ugali naye yumo, tunalala yumo. Siku aliyomchukua hakuna aliyeingia. Alikuwa ndani siku zote, sisi tulikuwa hatutazami upande ule."

Mwalimu akamtazama. Halafu akapiga paja. "Ukutani! Tumtundike ukutani tangu mwanzo!"

Ndivyo tulivyofanya. Tunapiga msumari ukutani, tunatundika koti, Kifo yumo ndani yake. Watu wataliona tangu pazia linafunguka, watadhani ni koti la mzee tu. Mzee anajificha ghalani, anajificha uvunguni, na kila saa anachungulia mlangoni, na koti lipo tu. Mwisho koti linajinyanyua kwenye msumari.

Kazi ya mwezi mzima kwenye mlango, kumbe sikuhitaji zaidi ya msumari mmoja. Nilikasirika, halafu nikaona aibu kukasirika, halafu nikaenda kuutoa mlango kwenye matope.

Jumatano, 19 Machi

Tekla kaleta koti la Kifo. Kalishona kutokana na mkono mmoja wa lile koti la reli la Liberatus. Nilishika kitambaa nikakijua. Vipimo alimwachia Benedicta.

Jumapili ya Matawi, 23 Machi

Hatimaye nimesema kwa Padre. Kamba, uongo, yote. Nilidhani atanipa rozari nzima nirudi nyumbani mwepesi.

Akauliza, "Uongo uliusema wapi?"

"Kaburini."

"Mbele ya nani?"

"Ukoo wote."

"Basi mimi sitoshi," akasema. "Kwa Mungu nitakuombea. Jina la yule mama lirudishe kulekule ulikolichukulia, mbele ya watu."

Nimerudi nyumbani mzito kuliko nilivyokwenda. Njiani nilijiambia mambo mengi juu ya Padre ambayo nitahitaji kuungama tena.

Alhamisi Kuu, 27 Machi

Bawaba za kukunjia zimeng'oka zote. Mpaina mbichi haushiki skrubu. Nimefunga kwa ngozi.

Ijumaa Kuu, 28 Machi

Nimefunga, sijala. Sijasema.

Pasaka, 30 Machi

Sijasema. Baada ya misa Tekla alitupa mkono wa heri, mimi na Benedicta. Nilimshika mkono nikasema, "Pasaka njema, shemeji."

Jumatatu ya Pasaka, 31 Machi

Ukumbi ulijaa. Watu wa ukoo walikuja kwa miguu kutoka Kalenga, shangazi Damari mbele na mwavuli wake. Mvua ilipiga bati nikafikiri hakuna atakayesikia, lakini Mwalimu ana sauti ya ng'ombe dume.

Jukwaa lilisimama. Naandika hilo maana nililitilia shaka mpaka dakika ya mwisho. Watu walimcheka mzee tajiri, walicheka akivaa gauni la mke wake. Hakuna aliyelitazama koti. Nilikuwa pembeni nawatazama watu, kila mtu macho mlangoni. Koti liliponyanyuka kwenye msumari, likageuka, na ndani ya kola kukawa na uso, ukumbi wote ulivuta pumzi mara moja. Mtoto akalia. Mzee mmoja nyuma akasema, "Kumbe alikuwepo!"

Baada ya mchezo Mwalimu huwa anauliza maswali kama darasani. Akawasimamisha waliofanya kazi. Akamsimamisha Tekla, akasema nguo zote hizi kazishona mama huyu, makofi. Shangazi Damari akasema kwa sauti yake ile:

"Mmezipima ninyi lakini! Mngemwachia yeye, mzee angetoka magoti nje!"

Watu walicheka. Si wote, lakini wa ukoo walicheka. Na Tekla akatabasamu. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba alitabasamu, akainamisha kichwa kama mtu anayekubali.

Mwezi mzima nilikuwa natafuta maneno. Sikuyapata. Nilikuwa na sanduku la vyombo miguuni, nikalifungua, nikamwaga misumari, nikatoa kamba. Nikaenda mbele ya jukwaa, nikavua viatu, nikalala chali sakafuni mbele ya watu wote.

Mwalimu akasema, "Fundi, unaumwa?"

"Tekla," nikasema, "njoo unipime."

Alikuja. Aliona kanga nyekundu.

"Shemeji, hiyo haipimi mtu aliye hai."

"Nipime."

"Umeitoa wapi?"

"Nipime kwanza, wote waone."

Alipiga magoti. Aliweka kipande cha kanga utosini kwangu, nikasikia vidole vyake, havikutetemeka hata kidogo. Akaivuta kamba kifuani, mapajani, mpaka miguuni. Ikanipita. Fundo likakaa sakafuni, mbali na nyayo zangu, shibiri nzima. Mvua ilikuwa imepungua, kila neno lingesikika, mambo ya kunikomoa.

Nikasema nikiwa nimelala, natazama kenchi, kwa sababu ningesimama ningeshindwa. "Kamba ilifika. Sikuifuata. Nilijipima mimi kwa sababu sikutaka Liberatus anizidi. Sanduku lilikuwa la kwangu. Tekla hakukosea."

Shangazi Damari akasema, "Yesu wangu." Benedicta, ambaye nimelala naye kitanda kimoja miezi yote hii bila kumwambia, alifunika uso kwa kanga.

Tekla alikuwa bado amepiga magoti miguuni kwangu. Aliipima tena ile nafasi kati ya fundo na nyayo, kwa mkono wake mwenyewe, kidole gumba mpaka kidole kidogo, kama mtu anayehakikisha.

"Miezi saba," akasema. Hakupandisha sauti. "Miezi saba naogopa hata kutia chumvi."

"Nisamehe."

"Ulikuja kwangu ukanywa chai."

"Ndiyo."

"Inuka, Silvester. Watu wanataka kupita."

Hajawahi kuniita jina langu. Aliikunja kamba kwenye kiganja, akatoka nayo bila mwavuli.

Jumatano, 2 Aprili

Abrahamu dereva amesema alimwona Tekla jana anarudi kutoka Kalenga kwa miguu, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko. Basi kamba imefika ilikotakiwa kufika.

Benedicta ananipikia, hanisemeshi. Mtu aliyekuja wiki iliyopita kuagiza mlango amekuja kusema atautengenezesha kwingine. Padre amenipa kitubio, nimekimaliza, sioni wepesi wowote. Nilidhani nikishasema mambo yatakuwa kama zamani. Zamani ipi, sijui.

Jumamosi, 5 Aprili

Jua, siku nzima. Jukwaa linaondoka Jumatatu kwenda vijijini, na pazia limechanika, inabidi lishonwe jingine. Mwalimu akamwita Tekla karakana.

Aliingia na futikamba yake shingoni. Sikuwahi kuiona tangu arudi kutoka Mbeya. Nilisogea nikasema, "Nikupimie?" kwa mazoea ya ujinga wangu.

Alipita mbele yangu kama napita mimi mbele ya mti. Akapima upana wa jukwaa, akapima urefu, akaandika kwa chaki mkononi. Akapima mara moja tu. Akatandika kitambaa mezani kwangu, akakata moja kwa moja bila kusita, mkasi unalia. Mwalimu akalitundika.

Limekaa sawa kila upande.

Hakunisalimia alipoingia, na alipotoka hakuniaga.